Ugonjwa wa Majina Mengi

Sogeeni, sogeeni, aliye nyuma asije akasema hakusikia, maana mwishoni nitawauliza nyinyi.

Hapo zamani, si zamani ile ya sungura kuongea, ni zamani ya juzi tu, ya watu wazima kunyamaza, palikuwa na mtu huko milima ya Upare, kijiji cha Vuanje, jina lake Eliakunda.

Eliakunda alikuwa mpiga besi katika bendi ya matarumbeta ya kanisa. Besi ni lile tarumbeta kubwa kuliko yote, linalomzunguka mpigaji begani kama chatu aliyeshiba, mdomo wake mpana kama beseni la kufulia. Tarumbeta dogo huimba, besi hutembea. Bila besi bibi harusi hajui aweke mguu wapi.

Na Eliakunda alilipuliza! Alilipuliza hadi vioo vya kanisa vikaitikia. Kipaimara, yeye. Harusi, yeye. Mahafali ya shule, yeye. Askofu akija kuzuru, yeye, jasho linamtiririka, mashavu yamejaa kama ya mtoto aliyeficha maandazi. Mke wake Nakijwa alimfulia shati jeupe, akalipiga pasi ya mkaa mpaka kola inasimama yenyewe.

Basi siku moja, harusini, katikati ya msafara, besi likanyamaza. Watu wakageuka. Eliakunda ameliweka besi kwenye nyasi, anakimbilia nyuma ya migomba. Bibi harusi amesimama, mguu juu. Akarudi, wakaendelea. Kidogo tena, besi kimya, Eliakunda migombani. Kidogo tena, besi kimya, Eliakunda migombani. Watu wakacheka, naye akacheka.

"Chai ya leo ilikuwa nyingi," akasema.

Haikuwa chai. Mkojo ulikuwa unamwita kila mara, na akiuitikia unatoka kidogo, unachoma kama pilipili. Na chini kabisa, pale mtu anapokalia, palikuwa na uzito usioondoka, kama ameketi juu ya jiwe. Akipuliza noti ndefu, tumbo linakaza, jiwe linasukuma. Kulala hakulali, kukaa hakukai. Hata kwa mkewe akawa kama mgeni ndani ya nyumba. Alimwambia nani? Hakumwambia mtu.

Sasa, ugonjwa usiosemwa na mwenyewe hupewa majina na wapita njia. Hebu sikieni majina.

Alikwenda zahanati. Tabibu akapima mkojo, akasema, "U.T.I." Akampa vidonge. Eliakunda akameza, akapata nafuu, akapuliza. Vidonge vikaisha, jiwe likarudi. Jina la kwanza likashindwa.

Shangazi yake akasema, "Wewe umekalia mawe ya baridi kule msituni unakopasua mbao. Hiyo ni baridi ya kiuno." Akamchemshia mizizi sufuria zima. Akanywa, na palepale akaanza kukojoa zaidi. Jina la pili likashindwa.

Wenzake wa bendi wakasema, "Ni wale wa ng'ambo ya bonde. Wana wivu, wameloga besi letu." Wakaliosha besi kwa maji na chumvi. Besi likang'aa, Eliakunda hakung'aa. Jina la tatu likashindwa.

Kisha mwuza dawa wa sokoni, mtu mwenye sauti kubwa kuliko duka lake, akasikiliza nusu ya maneno, akatamka mbele ya wateja, "Hiyo ni gono sugu!"

Jina hilo la nne halikushindwa haraka. Lilikuwa na miguu. Lilitoka sokoni, likapita kisimani, likapanda kilima, likafika nyumbani kwa Eliakunda kabla yeye mwenyewe hajafika.

Nakijwa alikuwa uani anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Baba Ombeni, ninayoyasikia umeyasikia?"

"Nimeyasikia."

"Ni kweli?"

"Mama Ombeni, tangu nikuoe sijamjua mwanamke mwingine. Naumwa, hilo ni kweli. Lakini sijui naumwa nini."

Ndugu za Nakijwa wakaja. Kaka zake wakasimama nje, mikono wameikunja. Baba yake akaingia, akakataa kiti, akasema, "Mwanangu, funga nguo zako urudi nyumbani. Mlango wangu uko wazi. Huyu leo amekuletea aibu, kesho atakuletea kifo."

Nakijwa alikuwa na hasira, msimwone malaika. Siku hiyo alipika ugali wa mtu mmoja, akaula mwenyewe. Lakini kesho yake alivaa gauni lake la kanisani, akateremka zahanati mchana kweupe, siku ya kliniki, benchi limejaa wanawake wanaomjua, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa benchi, "Nimekuja kupimwa magonjwa ya zinaa. Leo mimi. Mume wangu anakuja baada yangu."

Wanawake wakautazama ukuta. Nakijwa akapimwa. Hana kitu. Akarudi nyumbani akasema, "Baba Ombeni, simama, zamu yako." Akapimwa. Hana kitu. Nakijwa akaenda hadi kwa baba yake, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Shikamoo, baba. Sirudi."

Baba yake hakuitikia. Akageuza uso, mlango ukafungwa. Nakijwa akashuka kilima analia, na huku analia, anasema peke yake, "Lakini sirudi."

Tangu hapo akawa anamwangalia mumewe kwa makini, na siku moja akamwambia, "Nimeona jambo. Ukimeza vidonge vya mkojo unapata nafuu. Vikiisha unaugua, tena ugonjwa uleule, maumivu yaleyale. Huu hauji upya kila mara. Huu hauondoki! Umejificha chumba cha ndani, sisi tunafagia sebule. Nenda hospitali ya bondeni ukawaambie hivyo."

"Siendi."

"Kwa nini huendi?"

Eliakunda akatazama migomba. Alikuwa amesikia wanavyopima kule. Kidole. Mtu mzima, baba wa watoto, mpiga besi wa kanisa, avue suruali, alale kwa ubavu, akunje magoti, na mtu mwingine anavaa glavu nyuma yake!

"Heri nife," akasema. "Nife na suruali yangu."

Nakijwa akabembeleza, akagomba, akanuna. Eliakunda hakwenda.

Sasa namwingiza Sekiete. Sekiete alikuwa mpiga ngoma kubwa wa bendi, rafiki wa Eliakunda tangu walipokuwa wanachunga mbuzi. Huyo peke yake ndiye Eliakunda aliyemfungulia moyo, akamweleza yote, kuanzia mkojo hadi kitanda.

"Lakini uniapie, Sekiete."

Sekiete akaweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma yake. "Nikisema, ngoma hii ipasuke."

Siku zikapita. Bendi ikachoka kusubiri mtu migombani. Wakaitisha kikao, Jumamosi mchana, nyuma ya kanisa. Mmoja akasema, "Eliakunda amekuwa mlevi. Ameficha dengelua huko migombani, ndiyo maana kila saa anakwenda." Mwingine akasema, "Kama si pombe, basi ni lile la sokoni." Wa tatu akasema, "Vyovyote vile, tumvue besi, apewe mwingine."

Mikono ikaanza kunyanyuka. Eliakunda ameinama, midomo ameibana. Kwake besi lilikuwa kama mkono wake, na bado alikuwa tayari kuukata mkono huo kuliko kulitaja lililomsibu.

Sekiete akasimama.

"Shusheni mikono! Huyu si mlevi, wala si mzinzi. Huyu anaumwa njia ya mkojo, huko ndani, kwenye mambo ya wanaume, na haendi hospitali kwa sababu anaogopa kidole cha daktari!"

Hata kuku wa mchungaji waliacha kuparura. Halafu mtu mmoja akaguna, mwingine akacheka, na kicheko kikataka kuenea. Sekiete akapaza sauti.

"Chekeni! Mimi mwenyewe nilipimwa mwaka juzi. Ndiyo, mimi, kidole hichohicho! Unakohoa mara moja, kimekwisha. Nimekufa? Si huyu hapa natwanga ngoma? Na wale mapacha wangu niliwapata lini, kabla au baada?"

Hapo walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Na katikati ya kicheko, mzee mmoja wa tarumbeta dogo akanyanyua mkono taratibu. "Na mimi," akasema, "huwa naamka amka." Mwingine naye, "Hata mimi mkojo siku hizi unatoka kwa kujifikiria." Kikao cha kumvua mtu besi kikageuka kikao cha wanaume kuulizana habari za mkojo, jambo ambalo halijapata kutokea Vuanje tangu milima iumbwe.

Eliakunda peke yake hakucheka. Aliinuka, akamtazama Sekiete, akasema neno moja.

"Uliapa."

Akaenda zake. Tangu siku hiyo, Sekiete akimkuta njiani na kumwambia, "Habari, ndugu yangu," Eliakunda hutazama viatu vyake na kupita.

Lakini siri ikimwagika haizoleki. Hakuwa tena na cha kuficha. Mama wa ndizi anamwuliza, "Umeshakwenda?" Mchungaji, mlangoni mwa kanisa, anamshika mkono, "Umeshakwenda?" Watoto wa shule, wasiojua hata wanauliza nini, wanapiga kelele toka juu ya ukuta, "Mzee wa besi, umeshakwenda?" Eliakunda akaona heri kidole kimoja kuliko midomo ya kijiji kizima. Akateremka bondeni, na Nakijwa nyuma yake.

Hospitalini wakampata Daktari Tusekile, mwanamke kijana, mwenyeji wa Unyakyusa, mwepesi wa kutembea, mwepesi wa kusema. Eliakunda alipoona daktari ni mwanamke, aligeuka atoke. Mlangoni akamkuta Nakijwa amesimama, ameshika kiuno. Akageuka tena.

"Pumua, baba," akasema daktari.

Akapumua. Kikaisha.

"Ni hicho tu?" akauliza Eliakunda.

"Ni hicho tu."

"Yaani nimeteseka muda wote huu kwa kuogopa hicho tu?"

Tezi dume ilikuwa imevimba, tena inauma ikiguswa. Damu ikachukuliwa. Nakijwa akaanza, "Daktari, kuna jambo nimeliona. Akimeza vidonge..." Daktari akamkata, "Subiri kwanza, mama, tuone damu." Majibu yakaja. Kipimo cha tezi dume kimepanda juu kuliko inavyotakiwa. Daktari Tusekile akasoma, na kwa wepesi wake uleule akasema, "Huenda ni kansa. Nitakuandikia uende hospitali ya rufaa, wakate kipande kidogo cha nyama wakipime."

Huenda ni kansa. Neno "huenda" lilibaki palepale hospitalini. Neno "kansa" lilipanda gari pamoja na Eliakunda.

Hilo likawa jina la tano, na hilo halikumshinda yeye tu, liliishinda nyumba yote. Safari ya rufaa aliikataa. "Nikakatwe nyama ili iweje?" akasema. Koti lake akampa mdogo wake. Akawaita ndugu akawaonyesha mipaka ya shamba. Besi akalibeba hadi kanisani, akaliegesha kwenye kona, akalifunika shuka jeupe. Nakijwa akipika, chakula kinapoa. Bendi ikipiga, haitembei.

Huko bondeni Daktari Tusekile naye hakutulia. Yale maneno ya Nakijwa aliyoyakata yalikuwa yanamrudia. Akimeza vidonge... Akimeza vidonge, nini? Anapata nafuu? Kansa haipungui kwa vidonge vya mkojo. Akafungua vitabu vyake, akampigia simu mwalimu wake wa zamani, wakazungumza kwa kirefu. Siku yake ya mapumziko akavaa viatu vya shamba, akapanda gari la Vuanje. Gari likakwama kwenye matope. Akashuka, akaupanda mlima kwa miguu, akafika uani kwa Eliakunda magoti yamejaa udongo mwekundu. Majirani wakakusanyika, wakidhani ameleta msiba.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama," akasema. "Nimekuja kusema nimekosea. Kupima sikukosea, nilikosea kusema. Nilitaja jina kabla sijalijua. Kipimo kile hupanda kwa kansa, lakini hupanda pia kwa tezi iliyoingiwa na vijidudu. Mama alitaka kuniambia jambo, nikamkata. Mama, tafadhali, niambie sasa."

Nakijwa akamwambia yote, chumba cha ndani na sebule.

Eliakunda akauliza, "Kwa hiyo ni vijidudu, au ni kansa?"

"Sijui."

Majirani wakatazamana. Walikuwa hawajapata kumsikia daktari akisema sijui.

"Sijui," akarudia Tusekile, "lakini naijua njia ya kujua. Rudi bondeni, baba. Tuanze upya. Safari hii sitaji jina mpaka nilione."

Eliakunda akarudi. Akapewa chupa. "Kojoa humu." Akakojoa. Daktari akaibonyeza tezi kwa kidole, taratibu, Eliakunda akauma meno na kuimba wimbo wa kanisa kwa puani. Akapewa chupa ya pili. "Sasa kojoa humu." Chupa zote mbili zikapelekwa maabara, mkojo ukaoteshwa kuona kama vijidudu wataota, wakangoja. Chupa ya kwanza, safi. Chupa ya pili, vijidudu tele!

Daktari Tusekile aliruka kama mtoto. Kisha akakumbuka yeye ni daktari, akakaa.

"Wamo ndani ya tezi," akasema. "Mkojo wako ni safi, ila tezi ikikamuliwa, wanatoka. Vidonge vya siku chache vinafagia njia, ndani haviwafikii. Ugonjwa wako ni maambukizi sugu ya tezi dume. Nitakupa dawa inayoingia mpaka humo, na utaimeza kwa wiki nyingi. Ukijisikia mzima, usiache. Halafu tutapima damu tena. Kipimo kikishuka, tutashukuru. Kisiposhuka, nitakupeleka rufaa mimi mwenyewe, nikushike mkono."

Eliakunda akameza. Kila asubuhi Nakijwa alisimama mbele yake hadi aone koo limepanda na kushuka. Jiwe likawa kokoto. Kokoto likawa chembe ya mchanga. Siku moja Eliakunda akakaa kibarazani, akala, akasimulia, akanywa chai, akasimulia tena, ndipo akashtuka kwamba hajainuka. Damu ikapimwa. Kipimo kimeshuka, kimekaa mahali pake.

"Anaweza kurudi mdudu huyu," akasema daktari. "Akirudi, njoo mapema. Sasa tunamjua."

Eliakunda alipotoka kwenye gari hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kanisani, akavuta lile shuka, akaingia ndani ya besi, akajaza mashavu. Puuuum! Popo wakatoka darini. Watu wakatoka mashambani na majembe mikononi. Nakijwa alikuwa kisimani, akaacha ndoo inafurika, akakimbia na kanga mkononi, anapiga vigelegele njia nzima.

Ndugu zangu, mngedhani hadithi imekwisha. Hapana. Kuugua kuna mwisho, kushukuru ndiko kwenye kazi.

Bendi ya Vuanje ina desturi yake. Mpigaji akipata neema kubwa, hutunga wimbo mpya, na wimbo huo huupa jina la mtu mmoja aliyemfikisha kwenye neema hiyo. Mara ya kwanza hupigwa kwenye mlango anaoutaka mtu huyo. Mtu mmoja, mlango mmoja. Tangu hapo, kila harusi, kila sherehe, watu wakitaka wimbo ule wanautaja kwa jina lake, na mwenye jina akifa, jina linabaki linachezwa. Kugawana haiwezekani. Walijaribu siku moja kutia majina mawili, na koo zile mbili hazikai benchi moja kanisani mpaka leo.

Eliakunda akatunga. Wimbo gani huo! Unaanza chini, taratibu, kama mtu anayejaribu mguu uliopona, halafu unapanda, unapanda, mpaka hata bibi mwenye mkongojo anaupa mkongojo mapumziko. Jumapili baada ya ibada, watu wakajaa kwa Eliakunda. Makande yakapikwa kwenye masufuria ya harusi, mbuzi wakachinjwa, ndizi zikachomwa. Daktari Tusekile akapanda mlima, safari hii gari halikukwama. Mzee Mbonea, kiongozi wa bendi, akaipanga bendi kwenye njia panda chini ya nyumba, akainua fimbo yake.

"Eliakunda, tuelekee mlango gani?"

Eliakunda akaanza kuufuta mdomo wa besi kwa shati.

Nakijwa akasimama. Watu wakacheka, wakasema, "Mama Ombeni, mlango wako na wake si mmoja? Ajipigie mwenyewe?"

"Sisemi mlango wangu," akasema Nakijwa, na watu wakaacha kucheka. "Nasema mlango wa baba yangu. Pale ndipo nilipofungiwa kwa sababu nilimwamini mume wangu. Nataka wimbo wenye jina langu upigwe pale, baba atoke nje ausikie. Kabla ya ngoma, kabla ya hospitali, nani alisimama? Ningefunga nguo zangu siku ile, huyu angezikwa na jina la gono. Nilikaa kwenye lile benchi, nanyi mkiutazama ukuta. Na ugonjwa kwamba umejificha ndani, niliuona mimi, kwa macho haya, bila kipimo."

Wanawake wakapiga vigelegele. "Kwa baba yake! Kwa baba yake!"

Sekiete akaweka ngoma chini.

"Shemeji, yote uliyosema ni kweli. Lakini ulipomwambia nenda, alikwenda? Ulibembeleza, ukagomba, ukanuna. Alikwenda? Aliyemtoa nyumbani ni mimi. Nilijua nikisema nitampoteza rafiki, nikinyamaza nitampoteza mtu. Nikasema. Leo wewe umepata mume, bendi imepata besi, daktari amepata sifa. Mimi nimepata nini? Mpaka saa hii huyu hajaniamkia. Wimbo ukipigwa mlangoni kwangu nitajua tumerudi kuwa ndugu. Na waulizeni hawa wazee, nani aliwapa moyo wa kwenda kupimwa."

Wazee wa matarumbeta wakatikisa vichwa, "Ni kweli, ni yeye." Lakini shangazi yake Eliakunda akasema toka kwenye masufuria, "Kiapo ni kiapo, mwanangu. Leo umekivunja kwa wema. Kesho nani atakuambia siri yake?"

"Na mbona ngoma haikupasuka?" akajibu Sekiete.

"Ngoma haina masikio," akasema shangazi, na watu wakaangua kicheko, Sekiete mwenyewe akiwamo.

Wakamgeukia Daktari Tusekile, aliyekuwa na bakuli mkononi.

"Mimi nilikuja kula makande," akasema, wakacheka tena. Akaweka bakuli chini. "Lakini kwa kuwa mmenitazama, nitasema. Mke alijua si gono. Rafiki alijua aende hospitali. Anaumwa nini hasa, nani alijua? Mimi ndiye niliyetafuta mpaka nikapata. Mtasema ndiyo kazi yangu. Sawa, kupima ni kazi yangu. Kuja hapa na magoti ya tope, kusema mbele yenu kwamba nimekosea, hakuna aliyenituma. Ningekaa kimya, nani angenilaumu? Wimbo siutaki mlangoni kwangu, mimi nimepanga chumba tu. Upigeni kwenye geti la hospitali. Kila siku naona wanaume wamekaa nje ya geti, wanaogopa kuingia. Wausikie, waulize ni wimbo gani huo, waambiwe."

Vijana wa kijiji wakapiga makofi, "Kwa daktari! Getini!"

Nakijwa akamjibu kwa upole, "Daktari, tunakupenda. Lakini ni neno lako lililolifunika besi lile shuka. Mtu akiwasha moto kisha akauzima, tumshukuru kwa maji, moto tuusahau?"

Tusekile akainamisha kichwa. "Ni kweli, mama," akasema. "Lakini maji niliyaleta."

Basi pakawa hapasikiki. Wanawake huku, wazee kule, vijana wamepanda juu ya ukuta. Mama anabishana na mwanawe, kijiko kimoja cha makande kinaenda na kurudi kati yao. Mzee Mbonea mkono umemchoka, fimbo bado iko juu.

"Eliakunda, sema!"

Eliakunda alikuwa anamtazama mkewe, akamtazama rafiki yake, akamtazama daktari, na machozi yanamtoka huku anacheka.

"Mungu angenipa pumzi tatu," akasema, "ningepuliza milango mitatu siku moja. Pumzi aliyonirudishia ni moja."

Akashindwa kusubiri. Akajaza mashavu, akaanza wimbo. Ngoma ikamdaka, matarumbeta madogo yakarukia juu yake, na bendi nzima ikaanza kukanyaga palepale kwenye njia panda. Njia ya juu inakwenda kwa baba yake Nakijwa, mzee ameonekana ametoka, amesimama kizingitini, anasikiliza. Njia ya kulia inakwenda kwa Sekiete, watoto wake wameshafagia ua. Njia ya chini inateremka bondeni, hospitalini. Vumbi linapanda, watu wote wanacheza, hata wanaobishana wanabishana huku wanacheza, lakini bendi haijapiga hatua hata moja.

Nami nimewafikisha hapo, wala sivuki njia panda ile. Mzee Mbonea ana fimbo juu, anawangoja nyinyi. Haya, semeni, bendi ishike njia gani? Je, nani alistahili wimbo ule?